Wanangu, Soko Linataka Kikapu

(Maneno niliyoyasema mbele ya vijana wanaotembeza wageni, Mjini Unguja. Waliokosa kuja waliniomba niyaandike yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu, na nyinyi wenzangu wa makamo mliojificha viti vya nyuma, ahsanteni kwa kunialika. Mwenyekiti amenisifu mno, nami nikinyamaza nitaonekana nimekubali, kwa hiyo niseme wazi: mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, akika, ndizo kazi zangu. Watu wanaliona sufuria la biriani juu ya moto wanadhani hapo ndipo kazi ilipoanza. Kazi ya mpishi huanza sokoni, tena mapema, muuza chai hajapuliza moto wake. Nimeambiwa nizungumze juu ya kuwapeleka wageni masokoni. Nitazungumza kama mnunuzi, maana ndivyo nilivyo. Sikuja na picha za kuonesha ukutani.

Nianze na suali. Nani hapa amempeleka mgeni sokoni wiki hii? Nyoosheni mikono. Mashaallah, nusu ya ukumbi. Sasa, nani kati yenu mgeni wake alitoka mle amenunua kitu cha kula? Kitu cha kumenya au cha kupika. Pakiti ya viungo ya kupelekea zawadi siihesabu. Naona mkono mmoja, nao unashuka shuka.

Basi hilo ndilo nililolijia. Wageni wetu wanapitishwa sokoni kama wanavyopitishwa mbele ya mlango wa kuchonga: tazama, piga picha, twende. Robo saa soko la Darajani, halafu gari inangoja. Nawauliza, mtu anaingia soko mikono mitupu, anatoka mikono mitupu, ameona nini? Ameona watu wakifanya kazi. Hilo angeliliona hata dirishani mwa gari.

Niliwahi kusimama nyuma ya kijana mmoja, simjui jina wala sitaki kulijua, ameingia na kundi kubwa la wageni wenye kamera shingoni. Wakasimama mbele ya muuza pweza. Mzee wa watu ana meza ndogo, wateja wake wawili hawawezi tena kusogea. Kamera zinalia. Mzee akamuuliza yule kijana, "Hawa wananunua au wanatazama?"

"Wanapita tu, ami."

"Basi na wapite."

Akachukua gunia akafunika pweza wake. Wageni wakashangaa, wakauliza kwa nini amekasirika. Kijana akawaambia eti watu wa hapa hawapendi picha kwa ajili ya dini. Mmesikia? Kwa ajili ya dini! Mzee amezibiwa biashara, anapakaziwa dini. Mngelinunua kipande kimoja cha pweza angeliwaonesha na namna ya kumpiga mpaka alainike.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja, na mtanivumilia nikilirudia. Mgeni aende sokoni na kikapu. Mpeni kikapu kabla hamjampa historia. Mwenye kikapu anapishwa njia, anaulizwa anataka nini, anaitwa "njoo huku mama." Asiye na kikapu anazuia watu.

Mtaniambia, "Bibi, mgeni wa hoteli samaki atampika wapi?" Suali zuri. Kwanza, sokoni kuna embe, kuna nanasi, kuna shokishoki, kuna madafu, hivyo havitaki jiko. Pili, mitaani kwetu wapo wanawake wanaopika kwa riziki zao, ukipatana naye jana, leo mnamletea samaki wa mgeni na nazi mbili, mchana mgeni anakula alichokichagua mwenyewe. Tatu, na hili wengi hamlifikirii, mgeni anaweza kununua akatoa. Mkungu wa ndizi ukipelekwa nyumba ya jirani, nani ataukataa?

Sasa nizungumzie saa, maana hapa ndipo mnapoharibu zaidi. Nyinyi mnapanga soko kwa ratiba ya hoteli. Wageni wamalize chai, waoge tena, wapake mafuta ya jua, saa 4 na nusu gari iondoke. Kwani samaki anaijua saa 4 na nusu?

Nendeni diko la Malindi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, alfajiri. Lile diko limejengwa upya kwa msaada wa Japani, lina sakafu safi na barafu, lakini kazi yake ni ile ile ya tangu babu zetu. Vyombo vilivyokesha baharini vinarudi kunapambazuka. Samaki wanamwagwa, mnadi anasimama, watu wanamzunguka. Anataja bei ya kuanzia, mmoja anaongeza, wa pili anaongeza, wa tatu anajifanya hataki huku macho yapo kwenye tenga. Hapo utawaona watu wote wa mji huu: mchuuzi wa vespa mwenye tenga nyuma, mnunuzi wa hoteli na daftari lake, mwanamke wa kukaanga anayejua kwa kutazama tu tenga lile litatoa vipande vingapi. Saa mbili tatu baadaye samaki wale wale wako Darajani, wako Mwanakwerekwe, wako juu ya baiskeli wanaingia Fuoni. Mgeni aliyeona mnada asubuhi, akimkuta jodari Darajani anajua ametoka wapi na kwa nini bei imepanda njiani. Hapo hamna haja ya kumweleza sana.

Na zaidi ya saa, kuna mwezi. Wangapi hapa mnaitazama kalenda ya mwezi kabla ya kupanga safari ya soko? Mnaitazama kwa Ramadhani na sikukuu tu! Mwezi ukiandama na ukipevuka, maji yanakuwa ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Hapo wanawake wa mwambao wa mashariki, wa Jambiani, wa Paje, wa Uroa, wanatoka na vijiti vyao kwenye miamba kutafuta pweza. Pweza wanakuwa tele. Yakija maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwamba hauonekani vizuri, pweza anaadimika, bei inaruka. Dagaa naye ana usiku wake. Wavuvi wa dagaa wanakwenda na taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwenye giza dagaa wanafurika, mwezi ukipevuka vyombo vinapumzika. Bado sijataja upepo. Kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, na samaki unayemkuta mezani huenda ana siku kadhaa kwenye barafu.

Nilimsikia mtembezaji mmoja, kusi limekaza, mchana mkavu, meza za samaki nusu tupu. Mgeni akamuuliza, "Mbona samaki wachache, wamekwisha baharini?" Akajibiwa, "Ndio, wamekwisha, wamevuliwa sana." Muuzaji alikuwa anaelewa Kiingereza. Akacheka mpaka akakaa chini. Sisemi bahari yetu haina matatizo. Inayo. Lakini siku ile tatizo lilikuwa upepo, na kijana hakutazama hata bendera juu ya paa inaelekea wapi.

Matunda na mazao nayo yana majira. Kaskazi inapoingia, mwisho wa mwaka, embe zinamwagika: boribo, dodo, shomari, embe muyuni. Shokishoki zinafungwa mafungu mekundu. Doriani linanukia toka mbali, na mgeni wa kwanza atakimbia, wa pili ataomba kipande. Msimtafutie mgeni shokishoki mwezi wa Julai halafu mkasingizia wakulima. Muonesheni kilichopo. Shelisheli lipo? Muhogo upo? Ndizi mkono wa tembo zipo? Basi hizo ndizo za siku ile.

Ramadhani nayo niiseme haraka. Wapo wanaofuta safari zote za soko mwezi huo, wakidhani hakuna cha kuona. Jamani! Mwezi wa Ramadhani soko linahamia alasiri. Baada ya saa 9 hapapitiki: majimbi, viazi vikuu, ndizi, nazi, tambi, tende, mtu ananunua huku anatazama jua. Mleteni mgeni wakati huo, kavaa nguo za heshima, chupa ya maji kaificha mkobani, na asile njiani. Mweleze kabla hajashuka garini, usimwambie keshaanza kumenya ndizi mbele za watu.

Nije kwenye bei. Najua mnangoja hapa.

Sokoni kwetu vitu haviuzwi kwa namna moja. Samaki wadogo wanafungwa mtungo. Tungule, ndimu, pilipili, bamia, zinapangwa mafungu. Mchele na maharage zamani vilipimwa kwa kibaba na pishi, pishi moja vibaba vinne, siku hizi mizani imetawala. Fungu lina bei yake, huna haja ya kubishana shilingi mia. Unachoomba pale ni nyongeza, na muuzaji mwenye moyo atakutupia ndimu mbili juu. Samaki mkubwa ndiye wa kupatana. Mgeni akifundishwa hili tu, akaacha kudai nusu bei kwenye fungu la pilipili la mwanamke aliyetoka shamba na gari ya alfajiri, mtakuwa mmefanya kazi kubwa.

Mbona wageni wanadai nusu bei? Kwa sababu vitabu vyao vinawaambia, na nyinyi mnawaambia. "Usikubali bei ya kwanza." Sawa, kwenye duka la vinyago. Kwa muuza mchicha?

Na kuna upande wa pili, bei ya mgeni. Niliwahi kumkabili muuzaji mmoja wa shokishoki, jirani yangu, alimtajia mgeni bei mara tatu ya yangu na mimi nimesimama pale pale. Nikamwambia, "Mwanangu, huoni haya?" Akaniambia, "Bi mkubwa, huyu analala chumba cha dola mia, shokishoki zangu ndizo zitakazomfilisi?" Nikakosa la kusema papo hapo. Nimelifikiri sana tangu siku ile, na msimamo wangu ni huu: muuzaji ana haki ya kutaja bei aitakayo, huo ndio uhuru wa soko. Lakini wewe mtembezaji umelipwa na mgeni. Mwambie mapema, njiani, "Fungu hili kwetu linauzwa kiasi fulani, wewe watakutajia zaidi kidogo." Kisha muachie aamue. Wengine watalipa zaidi kwa ridhaa yao na watafurahi. Kinachouma ni kugundua baadaye kwamba wewe, uliyekuwa ukicheka naye, ulijua na ukakonyeza.

Kamisheni je? Mmeguna! Sisemi msile. Kila mmoja ana nyumba inamngoja. Duka la vitu vya gharama likikupa chako kwa kuleta mteja, hiyo ni biashara na ipo duniani kote. Lakini kamisheni ikiingia kwenye bei ya kitunguu imekuwa shubiri. Nimeona meza ya viungo ambayo muuzaji wake, akimuona mtembezaji, anaongeza bei kwanza halafu ndio anasema karibu. Mwishowe wenyeji tumeihama meza ile. Anabaki anauzia wageni peke yao, na mwezi wageni wakipungua anakaa anafukuza nzi.

Tuko kwenye viungo, basi tubaki hapo kidogo.

Wanangu, Zanzibar haioti zafarani. Haioti! Kinachouzwa kwa jina hilo kwenye vikapu vidogo vya mgeni mara nyingi ni ua jingine kabisa, linatoa rangi na halina harufu. Zafarani ya kweli inatoka nje, ni ghali, na muuzaji mwaminifu ataificha ndani ya kopo dogo. Usimuache mgeni aondoke na ua lile akidhani amepata dhahabu kwa bei ya chumvi. Mwambieni anunue vitu vyetu, na anunue vizima. Mdalasini wa magome badala ya unga. Pilipili manga za punje. Kungumanga zima na basbasi yake nyekundu imelizunguka, ambalo hata wenyeji wengine hawajawahi kuliona hivyo. Unga hufa harufu upesi, na kwenye unga ndimo wanamochanganya.

Karafuu, mfundisheni kuipima. Achukue moja yenye kichwa chake, aibane kwa ukucha. Ikitoa mafuta, nzuri. Ikivunjika kavu kama kijiti, ni ya zamani au imeshakamuliwa.

Na hapa pana jambo ambalo wageni hulishangaa mkiwaeleza, lakini hamuwaelezi. Mtu akifika Pemba msimu wa karafuu, ataziona zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, Chake, Wete, Mkoani, kila kijiji kinanukia. Akiingia soko la Chake Chake akitafuta mfanyabiashara wa magunia ya karafuu, hampati. Mazao yote mengine yapo sokoni. Karafuu, iliyotufanya tujulikane duniani, haipiti sokoni. Kwa miaka mingi mnunuzi wake amekuwa mmoja, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, na mkulima anapeleka kwenye vituo vyake. Ndio maana magendo ya kuvusha kwenda Mombasa yamekuwa hadithi ya miaka na miaka. Na kwa nini Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi? Kwa sababu kimbunga cha mwaka 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Mgeni akijua haya, ile pakiti yake ya karafuu ina maneno ndani yake.

Sasa nitasema jambo zito, na nitaomba utulivu.

Kutoka Darajani kwenda Mkunazini ni hatua chache. Jengo la soko la Darajani ni la mwaka 1904, na wakati huo mkono wa bahari bado ulikuwa unapita pale, daraja ndilo lililokuwa likiwavusha watu baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Miaka thelathini na kitu kabla ya jengo lile, Mkunazini palikuwa na soko la watu. Watu, wanangu. Lilifungwa Juni 1873, Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka ule ule likaanza kujengwa kanisa pale pale. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali hadi 1897. Tarehe hizi mbili ziwekeni mbali mbali, nimesikia zikichanganywa mara nyingi mno.

Na nyie mnaowashusha wageni kwenye vile vyumba vya chini pale Mkunazini, mkiwaambia ndimo walimofungiwa watumwa, muwe waangalifu na mnachokisema. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile ni vya jengo la misheni lililojengwa baada ya soko kufungwa. Semeni hivyo, semeni kuna mabishano. Yaliyotokea pale yanatosha kumliza mtu bila kuongezewa. Na tafadhali, mkitoka Mkunazini msiwavushe barabara moja kwa moja kwenda kuchekeana na bei za nanasi. Wapeni muda wakae, wanywe maji. Mimi ningelianza na Mkunazini siku nyingine kabisa.

Kwa nini nimelitaja kwenye mazungumzo ya vikapu? Kwa sababu mji huu uliishi kwa masoko, ya halali na ya haramu, na mtaani majina bado yapo. Pitieni Sokomuhogo muone kama kuna muhogo unauzwa leo. Soko huhama, jina hubaki.

Na kweli masoko yanahama. Tazameni miaka hii michache: Mwanakwerekwe kumejengwa soko jipya la ghorofa, Jumbi kumejengwa soko jipya, Darajani pana maduka ya kisasa. Wengine hapa wamezoea kumlilia kila mzee wa meza aliyehamishwa, wengine wanashangilia kila kigae. Mimi kama mnunuzi nasema: sakafu inayooshwa ni neema, choo safi ni neema, kivuli ni neema. Mwanamke aliyeuza mchicha juani miaka yote hakosi kushukuru. Lakini nataka kumuona yule yule ndani ya jengo jipya. Nikiingia nikamkuta mtu mwingine, nauliza yule wa kwanza yuko wapi. Na nyinyi ulizeni.

Nendeni Mwanakwerekwe na wageni wenu. Mnaiogopa kwa sababu haina mlango wa kuchonga? Pale ndipo mji unapokula. Mbatata, vitunguu, karoti, kabichi, vingi vimevuka bahari kutoka Bara. Muhogo, majimbi, mtoriro, kisamvu, nazi, vimetoka mashamba yetu. Mgeni akikaa pale nusu saa akauliza kila meza "hii imetoka wapi?", ataondoka na ramani ya nchi nzima kichwani. Mpandisheni daladala, asishushwe na gari ya kioo. Kikapu magotini, kama sisi.

Na kikapu chenyewe mnunulie pale pale. Mifuko ya plastiki huku kwetu imepigwa marufuku zamani, Bara walikuja kufuata mwaka 2019. Kuna vikapu vya ukili, kuna pakacha la kuti bichi ambalo muuza matunda anakusukia unamtazama. Nilimuona mama mmoja mgeni, Mjerumani, amepewa pakacha la embe pale Jumbi. Embe akazigawa kwa watoto wa daladala, pakacha akakataa kuliachia, akaingia nalo mpaka uwanja wa ndege likiwa tupu. Alinunua mafungu mawili ya embe, basi. Na nina hakika mle kijijini kwao hakuna asiyeijua Jumbi.

Mwisho, Pemba. Mnaitaja Pemba kwa wapiga mbizi tu. Wapelekeni watu Tumbe, kaskazini, kwenye mnada wa samaki. Unasikia mnadi kabla hujaona bahari. Wavuvi wa kule, khasa Wakojani, wa kisiwa cha Kojani, ni watu wa kwenda dago. Wanahama na vyombo vyao miezi na miezi, wanapiga kambi mwambao wa Tanga mpaka Kenya, wanafuata samaki. Kwa hiyo anayeuza Tumbe leo huenda mwezi uliopita aliuza Shimoni ya Kenya. Mkae naye mnywe kahawa, ana habari nyingi kuliko kitabu chochote. Na Konde, na Wete, na Chake, masoko madogo ambamo mgeni ni mtu mmoja, si msafara. Watamsalimia, watamuuliza kaja na nani, watamuuliza kama ana watoto. Awe tayari kujibu. Kule huanzi na bei, unaanza na salamu, na salamu ni ndefu. Mfundisheni "shikamoo" ya kumpa mzee na "hujambo, habari za asubuhi" ya wengine. Ile "jambo" kavu waachieni wauza fulana.

Na picha? Naona kijana pale mbele ameshikilia suali hilo tangu nianze. Picha baada ya kununua, baada ya kuuliza, na ukiambiwa hapana ni hapana, pesa zisifuate. Wanawake wengi sokoni hawapendi nyuso zao zizungushwe duniani na mtu wasiyemjua. Mikono watakuruhusu. Samaki hawana neno.

Nimezungumza mno, na mwenyekiti ananitazama kama mke wa mtu anayengoja chenji. Basi tufanye hivi. Keshokutwa nina shughuli ya hitima Kikwajuni, nanunua samaki na nazi. Atakaye kunifuata tukutane diko la Malindi, saa 11 na nusu alfajiri, baada ya sala. Mje na vikapu, mje na noti ndogo ndogo, kwa sababu hakuna atakayewavunjia elfu kumi saa ile. Viatu vya kufunga, sakafu ina maji. Kamera, mwenzenu mmoja tu aje nayo. Na kila mmoja atachagua samaki wake mwenyewe, atamfunua mashavu aangalie wekundu wake, atambonyeza, atapatana bei, mimi nimesimama pembeni simsemeshi. Atakayeuziwa samaki aliyelala, asiye wa leo, atamla yeye.

Wanaokuja waandike majina kwa mwenyekiti pale mlangoni. Wassalaam alaykum.